Farasi walikuwa wa nani?

Safu hii huchapisha mazungumzo ya kila wiki yanayosomwa redioni baada ya taarifa ya habari ya jioni.



Kijana mmoja wa Niger alikwenda Marekani, akakaa, sasa amerudi kwao. Ana sanduku. Marafiki zake wa utotoni wanangoja zawadi. Sanduku linafunguliwa, na ndani yake hamtoki redio, hamtoki saa, wala kitambaa cha suti. Yanatoka mavazi ya kauboi: makofia mapana, mashati, mikanda ya kuning'inizia bastola, na bastola zenyewe. Vijana wanavaa, wanatazamana, wanajiona. Kuanzia hapo kijiji hakipati tena usingizi.

Hiyo ni filamu ya kuchekesha iliyotengenezwa mwaka 1966, na sidhani kama wengi wenu mmepata kuisikia. Kwa Kifaransa inaitwa "Le Retour d'un aventurier", yaani, kwa tafsiri yangu ya haraka, Kurudi kwa Mtafuta Mikasa. Ina urefu wa dakika 34 hivi. Mtu anaweza kuitazama yote wakati wali unaiva.

Mimi niliipata kwa bahati. Mwenzangu mmoja wa kazini alikwenda Ouagadougou kwenye tamasha la filamu la FESPACO, akarudi na nakala, akaniambia, "Kaka, chukua hii, utacheka." Nilicheka kweli. Lakini baada ya kucheka nilikaa kimya muda mrefu, maana siku hiyohiyo nyumbani kwangu kulikuwa na kesi, na nilikuwa nimeficha mkasi kwenye droo ya meza. Habari ya mkasi nitawaeleza baadaye. Kwanza tumfahamu mwenye filamu.

Aliitwa Moustapha Alassane. Alizaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2015. Inasimuliwa kwamba kabla hajaijua sinema alikuwa akikata maumbo ya karatasi, akiyamulika kwa mwanga na kuvichezesha vivuli vyake ukutani, watoto wenzake wakiwa ndio watazamaji. Baadaye alifanya kazi kwenye jumba la makumbusho mjini Niamey, na huko akakutana na Mfaransa mtengeneza filamu, Jean Rouch, aliyemsaidia kuingia katika kazi hii. Alifika hadi Kanada kujifunza katuni za sinema kwa bingwa wa fani hiyo, Norman McLaren. Aliporudi, akawa mmoja wa Waafrika wa mwanzo kabisa kutengeneza katuni za namna hiyo kusini mwa Sahara.

Alassane alipenda sana vyura. Mwaka uleule wa 1966 alitoa katuni iitwayo "Bon voyage Sim", inayomhusu rais wa nchi ya vyura anayekwenda ziara ya kiserikali kwa mbwembwe na gwaride, halafu akirudi nyumbani anakuta kiti hana. Wazee watakumbuka kwamba mwaka huo, mwezi wa Februari, Kwame Nkrumah wa Ghana alipinduliwa akiwa safarini. Sisemi kwamba chura yule ni Nkrumah. Nasema tu kwamba katika mwaka mmoja bwana huyu alitoa filamu mbili, na zote mbili zinauliza swali moja: mtu akienda safari akarudi, anarudi na nini, na anakuta nini?

Sasa turudi kwa makauboi wetu. Baada ya kuvaa, kila mmoja anajipa jina. Yupo anayejiita Black Cooper. Msichana wa kundi anajiita Malkia Christine. Majina waliyopewa na wazazi wao yamewekwa kando pamoja na kanzu. Kisha wanapanda farasi na kuanza kukimbia mbugani, na mbele yao, ndugu wasikilizaji, wanakimbia twiga! Nimeangalia picha za kauboi tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi, lakini sijapata kuona twiga katika picha ya kauboi. Hapo ndipo mtu anapoanguka kwa kicheko. Mavazi ni ya Texas, majina ni ya Hollywood, lakini nchi imekataa kujifanya. Nchi imebaki Niger. Twiga hana habari kwamba sasa yuko Marekani.

Mimi Kifaransa sikijui, lakini filamu hii haikunipa taabu. Ngumi za baa hazihitaji mkalimani. Wala uso wa mzee anayemwona mtoto wa jirani, aliyemfahamu tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, akipita na bastola kiunoni kama hamfahamu.

Na hapo mchezo unaanza kubadilika. Makauboi wanahitaji kauboi afanyavyo. Hawawezi kuvaa bastola halafu wakaenda kupalilia mtama. Basi wanapigana wao kwa wao. Wanawaonea wanakijiji. Wanaiba farasi. Kila tukio unalicheka, lakini kila kicheko kinakwama kooni kidogo kuliko kile kilichotangulia. Mwisho wake sitausema, nisije nikamharibia mtu atakayebahatika kuiona. Itoshe kusema kwamba vijiweni tulizoea kuambiana "steringi hafi". Alassane hakukubaliana na sheria hiyo.

Ndugu wasikilizaji, msije mkadhani kwamba mambo haya aliyatoa kichwani tu. Mwaka 1958 yule Jean Rouch alitoa filamu iitwayo "Moi, un Noir", kuhusu vijana wa Niger waliokwenda kutafuta vibarua Abidjan, katika mtaa wa Treichville. Vijana hao, wabeba mizigo wa bandarini na watu wa kazi ndogondogo, walijiita kwa majina ya sinema. Mmoja alijiita Edward G. Robinson, mwingine Eddie Constantine, mwingine Tarzan. Huyo aliyejiita Robinson jina lake halisi ni Oumarou Ganda. Baadaye naye akawa mtengeneza filamu, na mwaka 1972 ndiye aliyetwaa tuzo kuu ya kwanza kabisa ya FESPACO, kwa filamu "Le Wazzou polygame". Na kule Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, katika miaka ya 1950 kulikuwa na makundi ya vijana walioitwa Bill, jina walilolitoa kwa Buffalo Bill. Walivaa kikauboi, na wakabuni hata lugha yao ya mitaani.

Hata sisi Dar es Salaam hatukuwa nyuma. Waulizeni walioujua mji wakati wa majumba ya Empire, Empress, Avalon na Odeon. Watawaambia habari za Django, yule anayeburuza jeneza matopeni. Nayo ni ya mwaka huohuo wa 1966, na aliyeitengeneza, Sergio Corbucci, alikuwa Mtaliano, na aliyeicheza, Franco Nero, naye Mtaliano. Sasa hebu tujiulize. Mtaliano akivaa kofia ya kauboi, dunia nzima inakata tiketi. Mtu wa Niger akivaa kofia hiyohiyo, tunasema anaiga. Kulikoni? Wote wawili Marekani si kwao. Nadhani Alassane alilijua swali hilo vizuri, na ndiyo maana filamu yake haimdharau hata mmoja wa vijana wale. Anawacheka kama mtu anavyomcheka ndugu yake. Mfaransa Serge Moati, aliyekuwa Niger wakati ule, alitengeneza filamu fupi kuhusu kazi hiyo ya Alassane, akaipa jina linalosema kwamba makauboi ni weusi. Jina hilo peke yake ni jibu.

Katika familia yangu alikuwapo kauboi mmoja. Ni mjomba wangu, mdogo wake mama, sasa ni marehemu. Alizaliwa mwaka 1955 na akakulia Magomeni. Mtaani aliitwa Ringo, na nimeambiwa kwamba ukimwita kwa jina lake la kweli hakugeuka. Alipokuwa na miaka 17 alijikusanyia vibarua akashonesha suruali ya bugaluu, akapata na kofia, akaenda studio kupigwa picha akiwa amesimama miguu wazi, mkono kiunoni, macho kayafinya kama mtu anayepigwa na jua la jangwani. Nyuma yake kulikuwa na pazia lililochorwa mnazi.

Wakati huo upepo wa Operesheni Vijana ulikuwa bado unavuma. Kwa vijana wasiokuwapo, nitakumbusha kidogo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, na marufuku ikaanza tarehe 1 Januari 1969. Kabla hata siku hiyo haijafika, pale Kariakoo wasichana waliovaa nguo fupi walivamiwa na kuchaniwa nguo zao. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni wetu. Na mimi siwacheki waliokuwa na nia hiyo. Nchi ilikuwa na miaka michache tu tangu ijitawale, na mtu aliyetoka kutawaliwa ana haki ya kuuliza, je, hiki nilichovaa ni changu?

Babu yangu alikuwa karani, mtu wa kanzu siku ya Ijumaa na kaptura iliyopigwa pasi siku nyingine zote. Aliamini kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Siku alipoiona ile suruali, hakusema neno. Aliichukua pamoja na kofia, akaziweka uani, akamwagia mafuta ya taa, akawasha kibiriti. Mjomba alisimama akatazama mpaka jivu likapoa. Asubuhi hakuonekana. Alikwenda Mombasa, akaingia katika ubaharia, akawa anaandika barua kwa bibi tu. Alirudi nyumbani mwaka 1989. Babu alikuwa na mwaka mmoja kaburini.

Mama yangu ndiye aliyepanga vitu vya babu baada ya arobaini. Chini kabisa ya sanduku, ndani ya bahasha ya kaki pamoja na hati ya kiwanja na kadi ya chama, aliikuta ile picha ya studio. Ringo wa Magomeni na mnazi wake. Babu alichoma suruali, lakini picha aliitunza miaka 16, na hakumwambia mtu.

Mnaona, ndugu wasikilizaji, kwa nini baada ya kucheka nilikaa kimya.

Tatizo la kiberiti ni kwamba kinachoma kilicho karibu, na kilicho karibu ni nguo. Operesheni nzima ilipima urefu wa sketi na upana wa suruali. Lakini katika filamu ya Alassane, ukiitazama vizuri, kosa haliko kwenye kofia. Vijana wale wangeweza kuvaa kofia mpaka zikachakaa, wakapiga picha, wakacheza na twiga, kijiji kikawacheka, mambo yakaisha. Kosa linaanza pale mtu anapochukua farasi asiye wake, kwa sababu steringi hawezi kutembea kwa miguu.

Na tukilitazama jambo hilo kwa makini, tutaona kwamba nchi zetu zimepata hasara kubwa zaidi kwa watu waliovaa vizuri. Mtu aliyeondoka na fedha za dawa za zahanati hakuwa na bugaluu. Mara nyingi alivaa suti ya heshima, viatu vyeusi vinavyong'aa, na akikutana na wazee alishika shikamoo barabara. Hakuna aliyemsimamisha Kariakoo kumpima suruali. Aliondoka na farasi wa kijiji kizima, na tulimpisha njia.

Kuna jambo jingine ambalo filamu hii imenifundisha, nalo ni kuhusu nani hulipa gharama. Yule Malkia Christine alichezwa na Zalika Souley. Alikuwa msichana mdogo, mzaliwa wa mwaka 1947. Baada ya hapo alicheza katika filamu nyingi za Niger, pamoja na ile ya Oumarou Ganda iliyopata tuzo, na anahesabiwa kuwa miongoni mwa waigizaji wa kike wa mwanzo kabisa wa sinema katika Afrika yetu. Lakini katika jamii yake wapo waliomwona mwanamke asiye na haya, kana kwamba yale aliyoyacheza kwenye pazia ndiyo aliyoyafanya nyumbani. Mwaka 2004 mtengeneza filamu wa Niger, Rahmatou Keïta, alitoa filamu ya kweli kuhusu maisha yake, iitwayo "Al'lèèssi", na ndani yake tunamwona nyota yule wa zamani akiishi maisha ya unyonge mjini Niamey, mbali kabisa na utajiri ambao watu hudhani unaambatana na umaarufu. Alifariki mwaka 2021.

Hapa kwetu Rashidi Kawawa aliigiza katika filamu za Kiswahili za miaka ya 1950, ikiwamo "Muhogo Mchungu", na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hakuna aliyesema kwamba kuigiza kumemvunjia heshima. Zalika alivaa kofia kwenye filamu, akabaki nayo kichwani maisha yake yote machoni pa watu. Na pale Kariakoo pia, waliochaniwa nguo walikuwa wasichana. Tukiamua kulinda utamaduni, mara nyingi huwa tunaanzia kwa mtu asiyeweza kutujibu.

Sasa niwaeleze habari ya mkasi.

Nina mwanangu wa kiume mwenye miaka 17. Umri wa Ringo. Nywele zake amezipaka rangi ya dhahabu kwa juu. Suruali yake ni mlegezo, na akitembea inabidi aishike kwa mkono mmoja, jambo ambalo sijaelewa faida yake mpaka leo. Kwenye simu ana jina la Kiingereza nisilolichagua mimi wala mama yake, na akizungumza na wenzake utadhani amezaliwa Atlanta, wakati amezaliwa hospitali ya wilaya, na mimi nilikuwepo nje ya mlango nikiwa nimeshika chupa ya chai.

Hayo yote nilikuwa nimeyavumilia kwa taabu. Lakini wiki ile ikagundulika kwamba fedha tulizompa za mchango wa mitihani shuleni hazikufika. Alikuwa amenunulia raba. Raba nyeupe, kubwa, zenye soli kama tairi la lori. Mama yake alilia. Mimi nilinunua mkasi, na niliamua kwamba jioni ile nitaanza na nywele, kisha suruali, kisha tutazungumza.

Nikiwa namsubiri arudi ndipo nikaitia ile nakala kwenye kompyuta, kupoteza muda tu. Nikacheka. Nikamkumbuka babu na mafuta ya taa. Mwanangu alipoingia aliona uso wangu akasimama mlangoni, tayari kwa lolote. Nikamwambia, "Kaa hapa, kuna picha ya kauboi." Aliniangalia kama mtu anayeangalia mtego. Akakaa.

Tuliitazama pamoja tangu mwanzo. Kwenye twiga alicheka mpaka akajilaza. Kwenye ngumi alishangilia. Kwenye farasi aliacha kucheka. Filamu ilipokwisha alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Baba, hao farasi walioiba walikuwa wa nani?"

Nikamwambia, "Wa watu wa kijijini. Wanaowajua."

Hakusema kitu. Akaangalia miguu yake. Nami sikusema kitu, na nawaambieni ukweli, kunyamaza kule kulinishinda kuliko kusoma taarifa ya habari mbele ya taifa.

Msije mkadhani kwamba mambo yalikwisha kama katika hadithi za kitabu cha darasa la tatu. Dakika tano baadaye alipata nguvu, akanigeukia, "Lakini baba, hata wewe unavaa tai."

Nikamjibu kwamba tai ni vazi la kazi.

Akasema, "Kazi yako ni redio. Nani anaiona?"

Ndugu wasikilizaji, mimi nimesomea uandishi wa habari, nina stashahada, nimewahoji mawaziri. Swali hilo sikuwa na jibu lake. Kwa miaka zaidi ya 20 nimekuwa nikiingia studio, mwezi wa Januari, joto la Dar es Salaam mnalijua, nikiwa nimejifunga tai shingoni ili nizungumze na kipaza sauti. Tai hiyo si ya babu yangu. Aliitoa mtu kwenye sanduku lake zamani, akaigawa, nasi tukavaa na kutazamana. Mpaka leo tunatazamana. Tofauti yangu na mwanangu ni kwamba kofia yangu imezoeleka.

Jumatatu yake alizichukua zile raba akaenda Kariakoo kuziuza. Alipata nusu ya fedha, maana kiatu kikishavaliwa siku nne bei yake unaijua. Nusu iliyobaki anailipa kwa kufanya kazi Jumamosi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la jirani yetu, anabeba mifuko ya saruji. Nywele bado ni za dhahabu. Mlegezo bado ni mlegezo, ingawa nasikia kwenye saruji huwa anafunga mkanda. Mkasi upo kwenye droo. Tunakatia plasta.

Sina hakika kama nimefanya sawa. Wapo wazee watakaosema nimelegea, na huenda wana haki, maana malezi hayana mtihani wa mwisho ambao mtu huona matokeo yake ubaoni. Lakini naijua hesabu ya kiberiti. Babu alichoma suruali moja, akapoteza miaka 16 ya mwanawe, na picha akaificha chini ya hati ya kiwanja kama mtu aliyeficha deni.

Nasi wazazi tunaotaka kuwauliza vijana wetu juu ya mavazi, miziki na majina yao ya kwenye simu, tuulize, ni haki yetu. Mwacha mila ni mtumwa, hilo silipingi. Ila tupange maswali yetu vizuri. Kijana akipita mbele yako amevaa kofia usiyoijua, kabla hujatafuta mkasi, angalia kwanza amepanda farasi gani. Kama ni wake, mcheke, naye atakucheka na tai yako, jioni mtakula pamoja. Kama si wake, basi hapo ndipo pa kumkalisha chini. Na ukimaliza kwa kijana, inua macho uangalie na wakubwa waliopanda farasi wakubwa zaidi.

Moustapha Alassane hakuhitaji polisi, wala operesheni, wala kiberiti kuwaonyesha vijana wa Niger jambo hilo. Alichukua kamera, chombo cha kigeni sawasawa na ile kofia, akajifunza kuitumia mpaka ikawa yake, akawaita rafiki zake, wakapanda farasi. Kisha akawaacha watu wacheke, na wakishacheka wafikiri.

Mama yangu bado anayo ile picha ya mjomba. Sasa imetoka kwenye bahasha, imewekwa sebuleni, kwenye fremu, karibu na ya babu mwenyewe. Wageni huuliza, "Huyu kauboi ni nani?" Mama huwajibu, "Mdogo wangu." Basi.